Saa Moja ya Mfaransa

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoelewa Kiswahili lakini mnajibu kwa Kizulu au Kiingereza. Najua mpo, kwa sababu wawili nimewazaa mwenyewe. Binti yangu aliniambia kama nina la kusema kuhusu kazi yangu nirekodi kwenye simu, atasikiliza akiwa kwenye foleni. Nimeamua kuandika. Anayesoma kwa shida hukumbuka zaidi, na mimi nataka mpate shida kidogo.

Tangu mwaka tisini na nne hadi nilipostaafu elfu mbili na saba, kazi yangu hapa Johannesburg ilikuwa kutunza vibarua vilivyotiwa sahihi na waandishi maarufu wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa. Kibarua ni barua ndogo, na kibarua pia ni kazi ya kutafutia riziki. Kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja. Nikieleza hivyo kanisani kuna mtu huniuliza kwa upole kama nilikuwa pia nafanya kazi ya kawaida.

Mume wangu Themba ni mtoto wa Soweto aliyekimbilia Tanzania ujanani. Tulioana Morogoro, na nchi yake ilipofunguka akasema tunarudi. Yeye alikuwa anarudi. Mimi nilikuwa naenda. Morogoro nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali, kwenye chumba cha mafaili ambacho mabosi hawaingii mpaka waharibikiwe. Huku sikuwa na Kizulu, na Kiingereza changu kilikuwa cha maofisini, kizuri kwa kuandika, kibaya kwa kununua nyanya.

Tangazo la kazi lilinipeleka Marshalltown, ghorofa ya pili ya jengo la zamani, kwenye duka la stempu, sarafu na karatasi za kale. Mwenye duka aliitwa Labuschagne, jina ambalo wenyewe hulitamka kama mtu anayesafisha koo. Nilimwita Bwana Labu, akakubali. Alikuwa Kaburu. Kule Morogoro neno hilo tulilisikia redioni kila siku, na sasa Kaburu mwenyewe alikuwa ananiuliza kama chai naitaka na maziwa.

"Unaweza kuweka karatasi kwenye faili?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba kuweka karatasi kila mtu anaweza, kazi ya masjala ni kuipata. Akasema nianze Jumatatu.

Stempu na sarafu ndizo zilizomlisha. Mapenzi yake yalikuwa kwenye kabati la nyuma, lenye vibarua vya Wafaransa. Mababu zake walitoka Ufaransa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita kwa sababu ya dini, na katika safari hiyo lugha waliisahau njiani. Bwana Labu alijua Kifaransa cha menyu ya hoteli. Lakini aliwapenda waandishi wale kama mtu anavyopenda wajomba wasiomjibu barua.

Mimi nilidhani waandishi wakubwa huandikiana mambo makubwa. Hebu niwaondolee dhana hiyo mapema. Mtunzi mashuhuri wa riwaya, ambaye sanamu yake imesimama kwenye bustani huko kwao, anaandika kwamba ana mafua na hatakuja. Mshairi aliyewaliza watu wa bara zima anaomba tiketi mbili za bure za maonyesho. Mwingine anauliza mwavuli wake uko kwa nani. Kabati zima lilikuwa hivyo, mafua, tiketi na miavuli, na chini yake sahihi ndefu yenye mkia.

Sasa sikilizeni ya mikono, kwa kuwa siku hizi naona kwenye televisheni watu wanashika karatasi za kale kwa glovu nyeupe. Msivae. Glovu hainusi wala haihisi, ukingo wa karatasi unapasuka wewe huna habari. Nawa mikono kwa sabuni, kausha sana, basi. Mafuta ya nywele ni adui. Siku yangu ya tatu kazini nilikuja nimejipaka mafuta ya nazi kichwa kizima, na Bwana Labu akanikalisha upande wa sarafu mpaka jioni, bila kueleza kwa nini. Andika kwa penseli, kamwe si kwa kalamu. Na mkimwona mtu anaunga karatasi ya kale kwa selotepu, mnyang'anyeni kwanza, adabu baadaye.

Kujua sahihi ya kweli nilifundishwa kwa kuaibishwa. Bwana Labu aliweka mezani vibarua viwili vinavyofanana kila herufi, akaniambia nichague cha kweli. Nikachagua kilichokuwa safi na cheusi. "Hicho kimetoka kiwandani," akasema, akaendelea kunywa chai. Zamani wachapishaji walikuwa wakipiga chapa barua za watu mashuhuri na kuzitia ndani ya vitabu, na wajanja wakazichomoa. Siri ni kutazama pale mistari inapopishana. Mkono wa mtu hutia wino mwingi hapa, kidogo kule, na kalamu huacha bonde dogo unaloliona ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Chapa iko sawasawa kote. Ni tofauti ya kofia iliyofumwa kwa mkono na kofia ya kiwandani. Ya kiwandani ndiyo isiyo na kosa, na hapo ndipo unapoikamata.

Mwanzoni, kwa kuwa Kifaransa hakuna aliyekijua, nilipanga vibarua kwa tarehe. Ndivyo nilivyokutana na Papa Mulumba.

Alikuwa mlinzi wa mlango wa jengo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mrefu mwenye sare iliyomfupikia mikononi. Siku moja alileta kifurushi juu, akasimama kwenye meza yangu akitazama kibarua kilichoandikwa tarehe kwa namba saba ikifuatwa na herufi tatu. Mimi nilikuwa nimekiweka kwenye Julai. Sisi miezi tunaihesabu, saba ni mwezi wa saba, kuna nini cha kufikiri?

"Mama," alisema, "hii haiko mwezi wa saba. Iko septembre. Bazungu ba zamani banaandikaka saba juu ya sept, saba ya Kifaransa. Ni mwezi wa tisa."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema kwao alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na akarudi mlangoni kwake kwa sababu kuna mtu alikuwa anagonga kengele. Nililazimika kufungua kabati zima na kuhamisha watu kutoka Julai hadi Septemba, kutoka Agosti hadi Oktoba. Bwana Labu aliposikia, akamwomba Mulumba awe anapanda juu saa za chakula.

Tukapata utaratibu wetu. Mulumba alisoma Kifaransa, akanitafsiria kwa Kiswahili, nami nikaandika kwenye kadi kwa Kiingereza. Kadi hizo ndizo tulizozichapa na kuwatumia wateja kwa posta. Karatasi moja ilipita katika lugha tatu kabla ya kumfikia mnunuzi. Picha hatukutuma. Bwana Labu aliamini kwamba mwanga wa mashine ya fotokopi unaua wino, na kompyuta ilipokuja aliamini kwamba ndiyo ndugu yake mkubwa.

Tulikula pamoja, mimi na Mulumba, wali wangu na samaki wake wa kukaanga. Ndipo akaniambia habari za mke wake, Béatrice, aliyebaki Lubumbashi. Alikuwa amekuja peke yake kutafuta maisha, wakakubaliana atamwita akishasimama. Sasa miaka ilikuwa inapita, na mshahara wa mlinzi ulikuwa unamsimamisha yeye tu, tena kwa mguu mmoja.

"Lakini niko na kitu," alisema siku moja.

Alifungua kitambaa cha mkono. Ndani mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kibarua cha mmoja wa wale wakubwa kabisa, yule ambaye Bwana Labu alimtafuta maisha yake yote na hakumpata. Mulumba alipewa na padri wa Kibelgiji aliyemfundisha, siku alipomaliza masomo akiwa wa kwanza. Padri alikirithi kwa shangazi yake. Mulumba alivuka nayo mipaka mitatu ndani ya bitana ya koti, na askari waliompekua walichukua saa na viatu, karatasi wakamrudishia.

Bwana Labu aliinamisha kibarua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakinusa. Macho yake yalikuwa yameshaanza mtoto wa jicho na maneno hakuyaona vizuri, ila bonde la kalamu alilihisi kwa kidole. Alikaa chini. "Ni mkono wake," alisema. Akasema hatachukua sehemu yake, atakiuza kwa niaba ya Mulumba bila malipo, na mimi niandike kadi.

Mulumba akatafsiri. Mwandishi alikuwa anamwalika rafiki yake mchoraji: njoo tule nyumbani kwangu leo saa moja, usilete mbwa. Nikaandika.

Mteja wa kitu kama hicho alikuwa mmoja tu, Madame Thérèse, mjane wa Kimauritius aliyeishi vitongoji vya kaskazini na hakuwa amekanyaga mjini kati tangu maduka makubwa yahame. Alinunua kwa simu, baada ya kusoma kadi zetu. Tulimtumia kadi. Mulumba akaandikia nyumbani kwamba Béatrice aanze kuaga watu.

Madame akapiga simu. Bwana Labu alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, naelewa, akaweka mkono wa simu taratibu. Kisha akamwita Mulumba, akamrudishia bahasha, akamwambia kuna shaka juu ya karatasi, na duka lake haliuzi kitu chenye shaka. Alisema kwa heshima. Ingekuwa afadhali angefoka.

Mulumba hakuuliza shaka gani. Akaikunja bahasha ndani ya kitambaa, akasema "sawa, patron," akashuka. Kesho yake hakupanda kula. Nilimpelekea samaki, akaniambia ameshiba, na mtu huyo sijawahi kumwona ameshiba. Nikaupata ukweli baadaye kwa mlinzi mwenzake: Mulumba aliamini tunamwona mwizi, au mwongo, na hakujua kipi kibaya zaidi. Nyumbani Béatrice alikuwa ameshaanza kugawa masufuria.

Niliumia, nawaambia. Nilikuwa mgeni katika nchi hii, na mtu wa kwanza kuongea nami Kiswahili kazini alikuwa ananipita mlangoni akitazama ukuta. Nikamfuata Bwana Labu, nikamwuliza Madame alisema nini hasa.

"Ana kibarua cha mtu huyohuyo, cha siku hiyohiyo," akasema. "Anamwandikia dada yake kwamba saa saba mchana atakuwa mezani kwa mchapishaji wake, ng'ambo ya pili ya mji, na hataponyoka mpaka saa kumi. Kadi yetu inasema saa hizohizo anakula nyumbani na mchoraji. Mtu hali sehemu mbili. Kimoja ni cha uongo, na cha kwake kina stakabadhi ya Paris."

Nikatazama nakala ya kadi. Ni kweli, iliandikwa saa hizo, kwa mwandiko wangu. Nikashuka nayo chini kwa Mulumba, angalau ajue anashtakiwa kwa nini. Hakujua Kiingereza cha kusoma, akaniomba nimsomee kwa Kiswahili.

"Njoo tule nyumbani kwangu leo saa saba, usilete mbwa," nikasoma.

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mama. Mi nilikuambia saa moja."

"Ndiyo, na mimi nikaandika..."

Vijana, nyinyi saa mnazihesabu kama Wazungu, kwa hiyo niwaeleze. Sisi siku yetu huanza jua likichomoza, na usiku wetu huanza jua likizama. Saa moja jioni ni ile nyinyi mnaiita saba. Karatasi ya Mfaransa ilisema saba. Mulumba, mwalimu mzuri, akaigeuza vizuri kuwa saa moja ya Kiswahili. Na mimi, sikio likiwa Morogoro na mkono Johannesburg, nikaandika *one o'clock*. Mfaransa wa watu nikamlisha chakula cha jioni saa saba mchana.

"Weye na hesabu," Mulumba alisema. Hakucheka, lakini alinitazama usoni, na kwangu hilo lilitosha kwa siku ile.

Nilipomweleza Bwana Labu niliona kibarua changu kinaota nyasi. Aliuliza swali moja tu: "Zile kadi nyingine zenye saa?" Nikasema nitazipitia zote. Akachukua simu. Madame hakuamini. Alisema maelezo yale ni marefu mno kuwa ya kweli, lakini kama tunataka kuaibika zaidi tumletee karatasi yenyewe.

Tulikwenda kwa gari la Bwana Labu, akiendesha mwenyewe. Mulumba alikaa mbele akimwambia rangi za robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. "Rouge, patron. Bado rouge. Sasa vert." Mimi nyuma nilisali kwa lugha zote nilizokuwa nazo.

Madame alikuwa mwanamke mdogo mkavu, amekaa kwenye kiti kikubwa, hajatukaribisha chai. Alinisikiliza nikieleza habari za jua.

"Kwa hiyo nyinyi mnaanza kuhesabu kukipambazuka," alisema.

"Ndiyo, Madame."

"Na sisi tunaanza katikati ya usiku, watu wamelala."

"Ndivyo tulivyoona na sisi."

"Ya kwenu ina akili zaidi," akasema. "Lakini ni ya kwenu. Lete karatasi."

Aliiweka kando ya ile yake. Hapo nikaona kazi inavyofanywa na anayeijua. Hakuangalia sahihi kwanza. Sahihi ndiyo anayoifanyia mazoezi mwongo. Alitazama herufi ndogo zilizoandikwa bila kujali, mkia unaounganisha herufi na herufi, namna mwandishi alivyochoka mwisho wa mstari. Kisha akazigeuza zote mbili, akatuonyesha: zilikuwa nusu mbili za karatasi moja. Yule bwana mkubwa aliandika kwa dada yake, akachana kilichobaki, akamwandikia mchoraji. Kingo zile zilizochanwa ziliingiana kama meno ya juu na ya chini.

Bwana Labu alitoa miwani akaifuta, akairudisha, akaitoa tena.

Madame akamgeukia Mulumba, akamwomba kwa Kifaransa asome ile aliyoileta kwa sauti. Mulumba akasimama, akavuta mikono ya sare ambayo haikuvutika, akasoma mpaka kwenye mbwa. Sauti ile sikuwahi kuisikia mlangoni wala juu ya sahani ya wali. Madame alifumba macho.

"Nani alikufundisha kusoma?"

"Padri aliyenipa karatasi, Madame."

"Una hakika unataka kuiuza?"

Mulumba aliitazama. Nilijua anawaza nini, kwa sababu mtu aliyevuka mipaka mitatu na kitu kifuani hakitoi kama anavyotoa shati. Akasema ana mke. Madame akaitikia kwa kichwa, akaandika hundi, kisha akaagiza chai.

Njiani kurudi Mulumba robot zote alizitaja sawasawa, lakini kwa sauti ya chini. Mimi kadi zote zenye saa nilizipitia upya. Kati yake nilikuta mtunzi mmoja wa tamthilia niliyemfanya aondoke kwake alfajiri kwenda kunyolewa. Tangu hapo kila kadi niliiandika na maneno ya Kifaransa yenyewe pembeni, herufi kwa herufi kama yalivyo, na nawashauri mfanye vivyo hivyo. Tafsiri ni shahidi, si mtu mwenyewe. Leo mtapiga picha kwa simu na mambo yatakwisha, lakini bado yuko mtu atakayeandika maelezo chini ya picha, na mtu huyo atakuwa na njaa, au usingizi, au sikio lililobaki kwao.

Béatrice alikuja kwa basi la kutoka Lusaka. Mulumba aliniomba niende naye Park Station, kwa sababu alisema peke yake atafanya ujinga. Alivaa shati jipya ambalo mikono ilimfika. Basi lilichelewa mno, na kila lilipoingia jingine alisimama, akakaa, akaniuliza kama kola imekaa vizuri.

Aliposhuka, Mama Béatrice alikuwa mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani kilicholala upande kwa safari. Hawakukumbatiana mara moja. Walisimama wakitazamana kama watu wanaosoma maandishi mabaya, na mimi nikageukia mizigo nikilia bila sababu ya kueleza. Kisha alimgusa mumewe kifuani, juu ya mfuko, akapapasa kushoto na kulia.

"Karatasi ya padri iko wapi?" aliuliza. "Ile ulibeba."

Mulumba alimwonyesha basi kwa kidevu.

"Ni ile yenye umepanda, mama."

Mama Béatrice aligeuka, akalitazama basi lile toka matairi hadi mizigo ya juu.

"Ilikuwa inatikisa sana," akasema, akamshika mkono.